Bawabu wa Sauti: Tarehe ya Kuchagua Kisikikacho, Tangu Ngoma za Usukuma Hata Studio za Geita

Kalangalala ni kata iliyomo ndani ya mji wa Geita, kusini mwa Ziwa Viktoria, katika nchi ambayo dhahabu yake ilianza kuandikwa na watafiti wa Kijerumani mwaka 1898, ambayo Waingereza waliichimba kwa mapana tangu miaka ya 1930 hata mgodi wa zamani ulipofungwa mwaka 1966, na ambayo tangu mwaka 2000 ina mgodi mwingine mkubwa kupita ule wa kwanza. Mwenye kupita mitaa yake jioni, penye kibanda cha kinyozi, penye duka la vipuri vya pikipiki na penye meko ya mama lishe, husikia redio zikinena juu ya bei ya pamba, mpira, mahubiri na habari za machimboni, kila moja kwa sauti yake na kwa muziki wake. Ifikapo saa mbili usiku hutukia jambo ambalo wasikilizaji wamelizoea hata hawalitii maanani: stesheni zilizokuwa zikishindana hujiunga na TBC Taifa, redio ya taifa, kwa taarifa ya habari, kwa desturi iliyowekwa na kanuni za utangazaji, na sauti nyingi zikawa sauti moja.

Kujiunga huko ni kazi ya mtu, ama ni kazi ya sharti lililowekwa na mtu. Stesheni, iwe kubwa au ndogo, ina njia nyingi za kuingizia sauti: maikrofoni ya mtangazaji, maikrofoni ya mgeni wake, laini ya simu, kompyuta iliyohifadhi muziki na matangazo ya biashara, kipokezi kinachonasa matangazo ya stesheni nyingine, na siku hizi intaneti; ilhali njia ya kutokea ni moja tu, nayo ni mtambo wa kurushia matangazo. Kwa sababu hiyo lazima awepo bawabu mlangoni, akubalie sauti hii na kuizuia ile. Zamani bawabu huyo alikuwa mkono wa fundi mitambo. Leo, aghalabu, ni mistari michache ya masharti iliyoandikwa katika programu ya kuchakata sauti, nayo husimama mlangoni mchana na usiku pasipo kulala wala kuuliza. Nia ya makala haya ni kueleza jinsi kazi hiyo ilivyohama kutoka mkono kwenda katika sharti, na kuonyesha kuwa katika safari hiyo yote dhamana ya mwanadamu haikupungua hata chembe.

Watu wa nchi hii hawakungoja redio ije iwafundishe kwamba sauti mbili zinazoshindana hutaka hukumu. Katika karne ya 19 waganga wawili mashuhuri wa Usukuma, Ngika na Gumha, walikuwa asili ya vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo ushindani wao umerithiwa na wana na wajukuu. Baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, makundi mawili hukutana katika uwanja mmoja na kuanza kupiga na kuimba kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Ndiyo maana manju, yaani kiongozi wa ngoma, hutafuta tungo mpya, mavazi ya kushangaza, michezo ya nyoka na hata dawa za mvuto, ili watu wamgeukie yeye na kumpa kisogo mwenziwe. Hukumu hiyo ilikuwa ya hadhara kabisa. Kila msikilizaji alichagua kwa miguu yake, na manju aliyeshindwa aliwaona kwa macho yake wale waliomwacha, akajua sababu, akarudi nyumbani kutunga upya.

Maikrofoni ilikuja kubadili jambo hilo tangu mzizi wake. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyefanya makao yake Afrika ya Kusini na ambaye miaka minne baadaye aliasisi maktaba kubwa ya muziki wa Kiafrika, alizunguka Tanganyika na mashine ya kunasia sauti, akifuata ngoma na vinanda vya makabila mbalimbali. Ilikuwa desturi yake kushika maikrofoni kwa mkono na kuisogeza kutoka kwa mwimbaji kwenda kwa mpigaji, na kutoka kwa mpigaji kurudi kwa waitikiaji, kwa kadiri sikio lake lilivyomwongoza. Kazi yake imehifadhi hazina ambayo bila yeye ingalipotea, na astahili shukrani. Lakini ni dhahiri pia kwamba kila asikiaye santuri zile leo husikia mahali ulipokuwa mkono wa Tracey, na waliokuwa nyuma ya mkono huo hawasikiki kwa uzito uleule. Uchaguzi uliokuwa wa umati ulikuwa sasa wa mtu mmoja, nao umati haukuweza kuuona.

Mwaka 1951 Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo kwa vifaa vichache, ikageuka Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965, chini ya serikali huru, ikawa Redio Tanzania Dar es Salaam. Katika studio za zama hizo, za Dar es Salaam kama za kwingineko duniani, fundi mitambo aliketi nyuma ya kioo, mbele ya meza ya kuchanganyia sauti, huku pembeni yake zikizunguka santuri na mashine za utepe. Chanzo kimoja kiliunganishwa na kingine kwa waya zenye vichwa vya chuma vilivyochomekwa katika matundu, na ukubwa wa sauti ulipimwa kwa vitufe vya kuzungusha. Fundi huyo hakutajwa hewani, na aghalabu msikilizaji hakujua kuwa yupo, ijapokuwa hakuna neno lililofika Geita, Shinyanga au Kahama lisilopita kwanza chini ya vidole vyake.

Mkono, pamoja na ustadi wake, una kasoro mbili zilizowasumbua wanadamu tangu mwanzo: huchelewa, na huweza kupendelea. Yasimuliwa kwamba Almon Strowger, aliyekuwa akifanya biashara ya maziko katika mji wa Kansas City huko Marekani, alisadiki kuwa waendeshaji wa simu walikuwa wakiwapeleka wateja wake kwa mshindani wake, kwa maana zama hizo hakuna simu iliyopita isipokuwa kwa mkono wa mwendeshaji aliyechomeka waya. Akabuni swichi iliyomwezesha mpiga simu kujichagulia mwenyewe njia; akapata hataza yake mwaka 1891, na mwaka uliofuata kituo cha kwanza cha simu kilichotumia mtindo wake kikafunguliwa La Porte, Indiana. Ikiwa simulizi hiyo ndiyo iliyomsukuma, basi shina moja la mitambo yote ijichaguliayo njia limeota katika malalamiko ya mtu aliyehofu kudhulumiwa na mkono asiouona.

Lakini swichi, hata ikiwa ya kujiendesha, haina akili mpaka ipewe kanuni. Kanuni hizo zilikuwa tayari zimeandikwa na George Boole, mwanahisabati wa Kiingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1854 juu ya sheria za fikira, ambamo alionyesha kuwa maneno madogo tunayoyatumia kila siku kuunganisha hoja, yaani “na”, “ama” na “si”, yaweza kukokotolewa kama tarakimu. Kitabu hicho kilikaa miaka mingi mikononi mwa wanafalsafa na wanahisabati, hata mwaka 1937 kijana wa miaka 21 aitwaye Claude Shannon, mwanafunzi katika chuo cha MIT, alipoonyesha katika tasnifu yake kuwa hesabu ya Boole na swichi za umeme ni jambo moja. Swichi mbili zikifuatana katika waya mmoja, umeme hupita iwapo ya kwanza na ya pili zote zimewashwa. Zikiwekwa sambamba, umeme hupita iwapo mojawapo imewashwa. Na swichi iliyoundwa izime pale nyingine iwakapo ndiyo kanusho. Kwa maarifa hayo fundi aliweza kuandika sharti kwanza, kisha akaliunda kwa waya na rilei, yaani swichi ziendeshwazo na umeme wenyewe, naye akaamini kwamba kitakachofanywa na waya ni kile kilichosemwa na sharti.

Katika studio za redio matunda ya maarifa hayo yalionekana katika kitu ambacho kila mgeni aliyewahi kuhojiwa redioni amekiona: taa nyekundu juu ya mlango. Mtangazaji afunguapo maikrofoni, rilei moja huwasha taa hiyo ili wapitao nje wanyamaze, na nyingine hukata spika zilizomo ndani ya studio, ili sauti itokayo katika spika isiingie tena katika maikrofoni, ikazunguka na kujikuza hata ikawa mluzi wa kuumiza masikio. Hapa mna hukumu mbili zilizofanywa mara moja tu na kutendeka kila siku: kwamba maikrofoni ina cheo juu ya spika, na kwamba ukimya wa wapita njia ni haki ya anayenena. Aliyeziamua huenda amestaafu zamani au amefariki dunia, lakini rilei zinaendelea kutii amri yake kila kitufe kiinuliwapo.

Redio Tanzania, katika miaka ambayo haikuwa na mshindani nchini, ilikuwa yenyewe lango moja la taifa zima. Bendi za muziki, Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz miongoni mwake, zilirekodi tungo zao katika studio zake, na tungo zilipimwa maneno kabla ya kurushwa; nayo bendi ya mbali, iliyotaka kusikika nchi nzima, ililazimika kufikiria safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kanda ya ziwa hata Dar es Salaam. Si haki kuzitaja hasara za mpango huo na kuzisahau faida zake. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, ilichimba vyoo na kusafisha visima katika vijiji ambavyo daktari hakuwahi kuvifikia. Na mwezi Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alipowatangazia wananchi vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin yaliyoivamia Kagera, watu wa Geita, walio upande huuhuu wa ziwa, waliipata habari hiyo saa ileile waliyoipata watu wa Mtwara. Lango moja huweza kuunganisha taifa kwa upesi wa ajabu. Na kwa upesi uleule huweza kumwacha nje aliyekosa kibali.

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa stesheni za watu binafsi na za mashirika ya dini, na katika miaka iliyofuata sauti zikazidi: Radio One ilianza Dar es Salaam mwaka 1994, Radio Kwizera ikaanzishwa Ngara mwaka 1995 katika siku za wakimbizi wa Rwanda na Burundi, Radio Free Africa ikasikika kutoka Mwanza, Radio Faraja kutoka Shinyanga, na Sengerema, jirani wa Geita, ikapata redio ya jamii. Geita ilipotangazwa kuwa mkoa mwaka 2012, mji uliokuwa makao ya wilaya ukawa makao ya mkoa, nao leo una stesheni zake, Storm FM ikiwa miongoni mwake. Fauka ya hayo, stesheni nyingi za mikoani hupokea kwa saa maalumu matangazo ya idhaa za Kiswahili za ughaibuni, kama BBC, iliyoanza kunena kwa lugha yetu mwaka 1957, na Deutsche Welle, iliyoanza mwaka 1963. Kwa hiyo stesheni ndogo ya mkoani, yenye watumishi wachache na pengine fundi mmoja, huwa na milango mingi kuliko iliyokuwa nayo Sauti ya Dar es Salaam katika mwaka wake wa kwanza, wala haina mikono ya kutosha kuilinda yote.

Hapo ndipo kompyuta ilipochukua nafasi ya bawabu. Programu ya kuchakata sauti hupewa orodha ya milango, kisha hupewa masharti, nayo masharti hayo, yakiandikwa kwa Kiswahili cha kawaida, yangesomeka hivi: ikiwa maikrofoni ya studio imefunguliwa, muziki ushuke; ikiwa ni saa mbili kamili usiku, na kipokezi cha TBC Taifa kina sauti, studio ifungwe na kipokezi kifunguliwe; ikiwa kipokezi hakina sauti, studio ibaki hewani na taa ya onyo iwake; ikiwa mlango ulio hewani umenyamaza kwa sekunde 30, sauti ya akiba iingie. Ni maneno ya Boole yaleyale, na ni rilei za Shannon zilezile, ila sasa hazishikiki kwa mkono wala hazisikiki zikigonga.

Ufundi wa kuyapanga masharti haya una hekima yake, na mwenye kuyadharau huumbuka hewani. Haitoshi kusema lini sauti ya akiba iingie; lazima isemwe pia lini iondoke, na sharti la kuondoka lisiwe sawa na la kuingia, maana laini ya simu ikiwa inakatika na kurudi kila nukta, programu itageuka na kugeukageuka, na msikilizaji atapata vipande vya maneno yasiyo na kichwa wala mguu. Kwa hiyo fundi mwenye uzoefu huamuru kwamba sauti ya asili irudi na kudumu, tuseme sekunde 10, kabla ya kurudishiwa nafasi yake. Wakadhalika saa: sharti la saa mbili usiku hutegemea saa ya kompyuta, na kompyuta ambayo betri yake ndogo ya saa imechoka husahau majira umeme ukatikapo; ikirudi na saa iliyopotoka, itajiunga na taarifa ya habari katikati ya sentensi, ama itaiacha kabla haijaisha.

Lakini mtihani mkubwa ni ukimya. Mashine hupima nguvu ya sauti tu, wala haijui tofauti kati ya waya uliokatika na watu walionyamaza kwa hiari. Mwezi Januari 2004 BBC Radio 3 iliporusha kutoka ukumbini utungo wa John Cage ambao wanamuziki hukaa dakika nne na sekunde 33 bila kupiga chombo, mafundi walilazimika kuizima mitambo yao ya dharura, la sivyo ingaliuona ukimya huo kuwa ajali na kuufunika kwa muziki wa akiba. Jambo hilo si la ukumbi wa London peke yake. Mkoa wa Geita, ambao tarehe 26 Machi 2021 ulimzika Rais John Magufuli nyumbani kwake Chato, unajua maana ya watu kusimama dakika moja kwa heshima ya marehemu. Na dakika moja ni sekunde 60, mara mbili ya kile kipimo cha 30. Fundi asiyelikumbuka hilo mapema atayakuta matanga yameingiliwa na wimbo wa mapenzi, si kwa ubaya wa mtu yeyote aliyekuwapo, bali kwa sharti lililoandikwa miezi mingi nyuma na mtu aliyekuwa akifikiria nyaya tu.

Swali la cheo nalo ni zito. Mwezi Januari 2017 wachimbaji 15 walifukiwa ndani ya mgodi huko Nyarugusu, katika nchi hii hii ya Geita, na kwa rehema ya Mungu na juhudi za waokoaji wakatolewa hai baada ya siku kadhaa. Habari ya namna hiyo ikifika studioni zikiwa zimesalia dakika mbili kufika saa mbili usiku, na mtangazaji akafungua maikrofoni kuwaambia jamaa wa wachimbaji waende wapi, programu itamkata katikati ya neno saa itakapogonga, ikiwa sharti la saa limewekwa juu ya sharti la maikrofoni, na hakuna aliyekumbuka kuacha kitufe cha dharura kinachoyashinda masharti mengine yote. Kanuni ya kujiunga ni halali na ina faida yake kwa taifa. Lakini kanuni iliyotiwa katika mashine pasipo nafasi ya udhuru huwa ngumu kuliko alivyokusudia mwenye kuiweka, kwa kuwa binadamu aliyeko zamu angeweza kupima, kupiga simu kwa mkubwa wake, na kutenda kwa busara.

Hii ndiyo maana ya tarehe yote niliyoisimulia. Katika uwanja wa Bagika na Bagalu hukumu ilikuwa ya wote na ilionekana na wote. Chini ya mkono wa Tracey na wa fundi mitambo ilikuwa ya mmoja, lakini mmoja huyo alikuwapo na angeweza kuulizwa. Ndani ya programu ni ya mtu ambaye, saa inapotendeka, pengine amelala kwake, au amehamia stesheni nyingine, au hakufika Geita kamwe, bali masharti yake yaliletwa pamoja na programu na yakaachwa jinsi yalivyo. Uchaguzi haukuondoka mikononi mwa binadamu. Ulisogezwa nyuma tu, kutoka saa ya kunena hadi saa ya kuandika sharti, na mwenye kuandika sharti ndiye aliyebeba dhamana ambayo zamani ilibebwa na aliyeketi nyuma ya kioo. Strowger alikimbia upendeleo wa mkono. Sisi tusikimbilie upofu wa sharti tukadhani tumepata uadilifu.

Basi nawanasihi wenye stesheni za Geita, Shinyanga na kwingineko, na vijana wengi wa miji hii ambao siku hizi hurekodi ngoma na nyimbo za Kisukuma katika vyumba vidogo kwa kompyuta, kwamba masharti ya kuchagua sauti yasiwe siri ya fundi. Yaandikwe kwa Kiswahili katika karatasi, yabandikwe studioni, na kila mtangazaji ayasome kabla hajashika zamu. Cheo cha kila mlango kijulikane, sababu ya kila sekunde ielezwe, na jina la aliyeweka sharti liwekwe pamoja na tarehe aliyoliweka. Yakaguliwe kila mwaka, na kila baada ya tukio lililoyafedhehesha. Kitufe cha dharura kiwepo, na awepo mtu mwenye ruhusa ya kukibonyeza. Kazi hii haihitaji fedha nyingi wala mitambo mipya; yahitaji kukiri tu kwamba kuamua nani asikike ni hukumu juu ya watu, na hukumu juu ya watu haina budi kuwa na mwenyewe anayejulikana.